Barua ya kodi iko kwenye droo ya cherehani, naogopa kuifungua

Shikamoo mama,

Mimi ni fundi cherehani hapa Iringa, nina miaka 34 na watoto wawili. Nashona na kuuza sare za shule: sketi, kaptula, mashati. Masweta nanunua tayari. Nilianza kwa kushonea kwenye baraza ya mama mdogo, na Januari mwaka huu nikahamia kwenye fremu karibu na stendi. Pango ni 80,000 kwa mwezi. Mwenye fremu hapokei chini ya miezi sita, kwa hiyo nilimkabidhi 480,000 mkononi. Nina msaidizi mmoja, binti anayejua kazi kweli. Namlipa 150,000 kwa mwezi, na msimu wa sare namwongezea kwa idadi ya nguo anazomaliza. Januari alifikisha 320,000.

Mama, mimi si mkwepaji. Mwaka 2022 nilikwenda mwenyewe TRA nikachukua TIN na leseni nikakata. Mwaka jana Machi nilikadiriwa 250,000 kwa mwaka, nilipe mara nne, kila mara 62,500. Ya Machi nililipa. Ya Juni nililipa. Septemba hela ilikuwa imekatika kabisa, kwa sababu sare zangu zinauzwa Desemba, Januari, na kidogo Julai shule zikifunguliwa. Miezi mingine ni kubadilisha zipu na kupunguza viuno vya suruali. Septemba ikapita, Oktoba ikapita, nikawa nikipita karibu na ofisi ile nashuka upande wa pili wa barabara.

Novemba akaja kijana mmoja aliyejitambulisha kuwa ni mhasibu, anawasaidia wafanyabiashara pale mtaani. Akasema nimpe 120,000 anamaliza ya Septemba na ya Desemba pamoja, mambo yaishe. Nilimpa taslimu. Risiti akasema ataleta wiki inayofuata. Simu yake haipatikani tangu Krismasi. Mume wangu hajui.

Machi mwaka huu nilitakiwa kwenda kukadiriwa tena. Sikwenda. Ningeanzaje kusimama pale kaunta wakati ya mwaka jana sijui imelipwa au haijalipwa? Halafu tarehe 17 Aprili nikaletewa barua dukani, bahasha yenye nembo ya TRA. Nilisaini kuipokea. Mama, sijaifungua mpaka leo. Nimeiweka kwenye droo ya cherehani pamoja na chaki na bobini, na kila nikivuta droo kutafuta sindano naiona. Usiku naota wamefunga fremu kwa kufuli. Nasikia wenzangu wanasema faini zinaweza kufika mamilioni.

Mauzo yangu yote naandika kwenye kaunta buku tangu nianze, hata mtu akinunua kifungo cha 100. Kwa mwaka jana nimejumlisha nikapata kama milioni tisa na nusu. Lakini hakuna aliyewahi kuniomba hilo daftari.

Nifanye nini? Na nifanyeje hizi tarehe zisinipite tena? Maana naona zinakuja kila mara nikiwa sina kitu.

Mimi binti yako,
Mama Sare, Iringa, 6 Mei 2024

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeipitisha mbele ya nyingine zote, na nimekujibu moja kwa moja kabla ya kuichapa hapa, kwa sababu moja: ile bahasha ina tarehe yake pia. Kama ndani yake kuna makadirio ambayo maofisa wamekufanyia wenyewe, sheria inakupa siku 30 tangu ulipoyapokea kuyapinga kwa maandishi. Ulisaini tarehe 17 Aprili. Siku 30 zinaishia Ijumaa ya tarehe 17 Mei. Barua iliyofungwa inahesabu siku sawasawa na iliyofunguliwa. Kwa hiyo ukimaliza kusoma mstari huu, vuta droo, kata bahasha kwa mkasi wako, soma. Mimi nakusubiri.

Sijui umekuta nini. Inaweza kuwa ni kumbusho la deni, inaweza kuwa ni wito wa kufika ofisini, inaweza kuwa ni makadirio. Kama ni makadirio na kiasi kimezidi hali yako, utaandika pingamizi lenye sababu, ukiambatisha kurasa za daftari lako. Ujue kwamba pingamizi linakwenda pamoja na kulipa kwanza theluthi ya kodi iliyokadiriwa, au kile kiasi usichokibishia, kinachozidi kati ya hivyo viwili. Kama ni kumbusho tu, huna cha kupinga, una cha kulipa.

Sasa tukae tuhesabu, maana mamilioni uliyosikia kwa wenzako ni ya wenzako. Mwaka jana ulikadiriwa 250,000. Umelipa 125,000. Zile 120,000 za yule kijana, mwanangu, zihesabu kuwa zimeibwa. Zinauma, lakini mbele ya serikali hazipo. Deni la mwaka jana ni 125,000. Mwaka huu hujakadiriwa, na awamu ya kwanza ilitakiwa mwisho wa Machi. Kuna jambo la pango na jambo dogo la msaidizi wako, nitayafikia. Ukiyaweka yote pamoja, kabla ya riba na faini, nafika kwenye 218,000 na kitu. Ni hela nyingi kwa mwezi wa Mei, nakubali. Lakini ni hela yenye ukubwa unaojulikana, na wewe kwa miezi sita umekuwa ukilala na deni lisilo na ukubwa.

Riba na faini zitakuwepo. Adhabu ya kutowasilisha makadirio inahesabiwa kwa kila mwezi, na kipande cha mwezi kinahesabiwa mwezi mzima. Tangu 31 Machi umeshaingia mwezi wa pili. Ukifika ofisini kabla Mei haijaisha unasimama hapo. Ukivuka, umejiongezea wa tatu. Ndiyo maana nakusukuma.

Hilo daftari lako hakuna aliyekuomba, na hapo ndipo ninapoumia kwa niaba yako. Mfanyabiashara mdogo, mtu binafsi ambaye mauzo yake ya mwaka hayavuki milioni 100, analipa kodi ya mapato kwa viwango vinavyotegemea mauzo. Katika ngazi yako, ya mauzo kati ya milioni 7 na milioni 11, kuna bei mbili. Asiye na kumbukumbu analipa 250,000, moja kwa moja. Mwenye kumbukumbu analipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 7. Chukua milioni tisa na nusu zako: kinachozidi ni milioni mbili na nusu, asilimia 3 yake ni 75,000. Jumlisha na 90,000, unapata 165,000. Umekuwa ukilipa bei ya mtu asiyeandika chochote, huku unaandika hadi kifungo cha 100. Tofauti ni 85,000 kwa mwaka, zaidi ya pango lako la mwezi mzima.

Lakini kumbukumbu ni zaidi ya mauzo. Afisa atataka kuona na manunuzi: risiti za vitambaa, za masweta, za uzi, pango, umeme. Kama risiti zako ziko kwenye mfuko wa rambo chini ya meza, zitoe, zipange kwa miezi, zibane kwa pini. Zitunze miaka mitano, ndivyo sheria inavyotaka. Kwa mwaka 2023 uliokwisha kukadiriwa, uliza kama daftari linaweza kupunguza kitu, ila usijipe matumaini makubwa. Nguvu yake iko kwenye makadirio ya 2024. Na kumbuka kwamba makadirio ni tamko lako wewe mlipakodi. Unayatoa mwanzoni mwa mwaka ukikisia biashara itakavyokwenda, na biashara ikigeuka katikati unaruhusiwa kurudi kuyarekebisha. Mwaka jana Septemba, ulipoona mambo yamekatika, ndiyo siku uliyotakiwa kuingia pale ofisini badala ya kuvuka barabara. Sikulaumu. Nimekaa kwenye lile benchi na wateja wangu wengi, watu wazima wenye maduka makubwa kuliko lako, nikiona mikono inatetemeka kwenye bahasha ya kaki. Karibu wote walitoka wakiwa na sura tofauti na waliyoingia nayo, kwa sababu walikuwa wameshaambiwa kiasi.

Nenda Jumatatu tarehe 13, asubuhi, wewe mwenyewe. Beba namba yako ya TIN, kitambulisho cha taifa, leseni, hiyo barua, kaunta buku, risiti za malipo ya Machi na Juni mwaka jana, na mkataba wa fremu. Omba kwanza taarifa ya hesabu yako ya kodi, uone kwa macho yako nini kimelipwa na nini hakijalipwa. Hapo utajua kama yule kijana aliwahi kufikisha hata shilingi. Waeleze habari zake, na namba ya simu aliyotumia uwape. Vishoka wa namna hiyo wanaishi kwa aibu ya watu kama wewe, wasiosema. Na mume wako mwambie kabla ya Jumatatu. Ukienda ukiwa umeficha kitu nyumbani utashindwa kujieleza ofisini.

Ukishajua deni, andika barua ya kuomba kulipa kidogo kidogo. Kamishna anayo mamlaka ya kukubali hilo. Taja kiasi unachoweza kweli na tarehe utakazolipa, na usiahidi kilicho juu ya uwezo wako ili kumfurahisha afisa. Mwezi wa Mei wewe una zipu na viuno vya suruali, ndivyo ulivyosema mwenyewe. Mwambie hivyo hivyo. Kila malipo yafanyike kwa namba ya malipo iliyotolewa kwa jina lako, benki au kwa simu. Hela ya kodi haipiti mkononi mwa mtu, hata awe amevaa kitambulisho shingoni.

Sasa swali lako la pili, la tarehe kukukuta huna kitu. Tazama kalenda uone. Kodi inadaiwa mwisho wa Machi, mwisho wa Juni, mwisho wa Septemba na mwisho wa Desemba, mafungu manne yaliyo sawa. Hela yako inaingia Desemba na Januari, kisha kidogo Julai. Machi inakukuta umeshanunua vitambaa, Septemba inakukuta mkavu. Kalenda ya serikali haitabadilika kwa ajili ya sare za shule, kwa hiyo hela ya Januari lazima ifundishwe kungoja.

Fanya hivi. Kila jioni ukishajumlisha daftari, kwa kila 10,000 uliyouza toa 200 uiweke pembeni. Umeuza 30,000, weka 600. Siku ya msimu umeuza 180,000, weka 3,600. Iweke kwenye laini ya simu ambayo huitumii kwa kitu kingine, au akaunti ndogo benki, popote ambapo mkono wako haufiki ukipungukiwa chenji. Kwa mauzo ya milioni tisa na nusu utakuwa umeweka 190,000 kwa mwaka, na kodi yako ni 165,000. Inayobaki ni ya mwaka utakaouza zaidi. Januari peke yake ukiuza milioni tatu una 60,000 mkononi, na awamu ya Machi ni 41,250. Umeona? Machi imelipwa na watoto wa darasa la kwanza, kabla hujashona zipu hata moja.

Na usisubiri siku yenyewe. Septemba mwaka jana mwisho wa mwezi ulikuwa Jumamosi. Desemba ilikuwa Jumapili. Machi mwaka huu tarehe 31 ilikuwa Jumapili ya Pasaka. Juni hii tarehe 30 ni Jumapili tena. Mtu anayepanga kwenda siku ya mwisho anakuta mlango umefungwa mara nne mfululizo. Wewe tarehe yako iwe 20 ya mwezi huo. Iandike kwa chaki ya kitambaa ukutani juu ya cherehani kama simu huiamini: 20 Machi, 20 Juni, 20 Septemba, 20 Desemba. Ukikwama tarehe 20 bado una siku kumi za kuhangaika au kwenda kujieleza.

Msaidizi wako. Mshahara usiozidi 270,000 kwa mwezi haukatwi kodi, kwa hiyo kwa ile 150,000 hudaiwi. Lakini Januari alipata 320,000. Kilichozidi ni 50,000, asilimia 8 yake ni 4,000, na hiyo ilitakiwa ifike TRA kufikia tarehe 7 Februari. Ni hela ndogo, itaje mwenyewe ukiwa kaunta. Mwaka ujao mweleze binti mapema kwamba mwezi wa msimu kuna makato, asije akadhani umempunja. Ile tozo ya ufundi stadi mnayoisikia inawahusu wenye wafanyakazi kuanzia kumi, kwa hiyo usihangaike nayo.

La pango ndilo linalowanasa wengi, kwa sababu neno kodi linatumika kote kote, na mpangaji akishamlipa mwenye nyumba anadhani amemaliza. Unapolipa pango la biashara, sheria inakutaka uzuie asilimia 10 na kuipeleka TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi uliolipa kuisha. Kwenye 480,000 ni 48,000. Mwenye fremu alitakiwa kupokea 432,000. Wewe umempa zote, kwa hiyo serikali inaitafuta 48,000 kwako, si kwake. Najua jibu la wenye fremu wengi: hataki kusikia, anataka hela yake kamili, na fremu ina watu kumi wanaoingoja. Wengine huongeza pango ili pengo liwe lako. Hilo ni lenu la kuelewana, lakini mwenye kudaiwa kisheria ukishalipa bila kuzuia ni wewe.

Kwa hiyo usimshtukize. Mkataba wako unaisha Juni na Julai utalipa tena. Mfuate mwezi huu, jioni akiwa ametulia, umwamkie vizuri, umwombe namba yake ya TIN. Mwambie kwamba Julai utamkabidhi 432,000 pamoja na cheti cha kodi ya zuio kinachoonyesha 48,000 zimelipwa kwa jina lake, na kwamba hicho cheti atakihitaji siku TRA watakapomuuliza yeye mapato ya fremu zake. Kama ana fremu nyingine pale, wafuate na wapangaji wenzako kwanza, mwende pamoja.